Irving Langmuir na Uso wa Kichocheo: Kati ya Ulanga na Mkaa

Mkoa wa Morogoro una vitu viwili ambavyo mwanakemia akiviweka juu ya meza moja ataona upana wote wa taaluma ya nyuso. Cha kwanza ni ulanga, yale madini yanayobanduka tabaka kwa tabaka mithili ya kurasa za kitabu, ambayo yalichimbwa katika milima ya Uluguru tangu enzi ya utawala wa Wajerumani. (Neno hili lisichanganywe na jina la wilaya ya Ulanga iliyo kusini zaidi.) Cha pili ni mkaa. Wilaya ya Kilosa, pamoja na mji wa Mikumi ulio ndani yake, imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa sehemu zinazolisha miji ya Morogoro na Dar es Salaam kwa mkaa uchomwao kutokana na miti ya miombo katika matanuri ya udongo.

Karatasi ya ulanga iliyobanduliwa vizuri ina uso bapa kuliko karibu kitu chochote kingine kipatikanacho katika maumbile. Kipande cha mkaa ni kinyume chake. Matundu yake makubwa, yale yanayoonekana kwa macho, ni mabaki ya mishipa iliyopitisha maji mti ulipokuwa hai. Katika kuta za matundu hayo mna vitundu vidogo zaidi, na katika kuta za vitundu hivyo mna vingine vidogo kuliko hivyo, hadi kufikia vile visivyoweza kuingiza zaidi ya molekuli moja au mbili kwa upana. Mkaa ulioamilishwa viwandani kwa mvuke au kemikali huweza kuwa na uso wa zaidi ya mita za mraba 1,000 katika gramu 1 tu, yaani gramu chache zatosha kulingana na kiwanja cha mpira. Mkaa wa tanuri la udongo haufikii kiwango hicho, lakini umbile lake ni la jamii hiyohiyo.

Vichocheo vingi vya viwandani hufanana na mkaa kuliko ulanga. Kichocheo hufanya kazi usoni: molekuli za gesi hutua, hukutana, hubadilika na kuondoka, nacho chenyewe hubaki kama kilivyokuwa. Kwa hiyo mwenye kiwanda hutaka uso mwingi katika ujazo mdogo, na uso wa namna hiyo hapana budi uwe umekunjamana na kutobokatoboka. Hata hivyo, mtu aliyeifanya elimu ya nyuso kuwa sayansi yenye vipimo aliuanzia upande wa ulanga, na alifanya hivyo akijua anachokiacha. Mtu huyo ni Mmarekani Irving Langmuir, na uamuzi wake huo ndio unaoyafanya maisha yake yastahili kusomwa upya na vizazi vilivyokuja kuipata jiometri ya nyuso zilizokunjamana.

Langmuir alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 31 Januari 1881, akiwa wa tatu kati ya watoto wanne, wote wa kiume, wa Charles Langmuir na Sadie Comings. Baba alikuwa mtu wa bima, na kazi hiyo iliipeleka familia Paris kwa miaka kadhaa, ambako Irving alisoma. Hadi alipofikia umri wa miaka 11 haikutambulika kwamba macho yake yalikuwa dhaifu mno; alipopewa miwani ndipo dunia ilipompatia kingo na mistari yake. Ni rahisi mno kulifanya tukio hilo kuwa chanzo cha kila alichokiona baadaye, na waandishi kadhaa wameshindwa kujizuia. Lililo na uzito zaidi ni kwamba wazazi wake waliwahimiza watoto kuandika kila siku walichokiona, na kwamba kaka yake Arthur, aliyekuwa mwanakemia, alimwonyesha mapema kazi za maabara. Tabia ya kuweka kumbukumbu za kila siku Langmuir hakuiacha hata uzeeni.

Alihitimu uhandisi wa metali katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1903, kisha akaenda Göttingen, Ujerumani, kusoma chini ya Walther Nernst. Tasnifu yake ya mwaka 1906 ilihusu jinsi gesi zinavyovunjika zinapogusa waya wa platinamu uliokolea moto. Hapo tayari zimo zana zote mbili za maisha yake: waya wenye moto na gesi kidogo ndani ya chombo cha kioo. Aliporudi Marekani alifundisha miaka mitatu katika chuo cha Stevens huko Hoboken, New Jersey, kazi iliyompa vipindi vingi na utafiti haba. Kiangazi cha mwaka 1909 alikwenda kwenye maabara ya kampuni ya General Electric mjini Schenectady kwa nia ya kupitisha likizo. Aliondoka huko mwaka 1950, alipostaafu.

Kilichomzuia ni taa. Balbu za wakati ule zilikuwa ombwe tupu lenye uzi wa tangsteni, na kioo chake kiliingia weusi baada ya muda. Wahandisi waliamini kuwa kasoro ilitokana na mabaki ya gesi, na kwamba dawa yake ni ombwe bora zaidi. Langmuir alishika njia iliyopingana na desturi ya ufundi. Badala ya kuipunguza kasoro, aliiongeza kwa makusudi: aliingiza gesi mbalimbali ndani ya balbu, moja baada ya nyingine, ili aone kila moja ina madhara gani. Aligundua kwamba weusi ule ulikuwa tangsteni yenyewe, ikiruka kama mvuke kutoka kwenye uzi na kutua kwenye kioo, na kwamba gesi isiyoshiriki katika mabadiliko ya kemia, kama naitrojeni au agoni, huuzuia mvuke huo usiondoke kwa kasi. Kwa kuwa gesi hiyo pia huuiba moto wa uzi, aliusokota uzi uwe kama koili ili upoteze joto kidogo. Kufikia mwaka 1913 taa hiyo ilikuwa imepatikana, na kwa miongo mingi iliyofuata nyumba za dunia nzima, zile za stesheni za reli ya kati zikiwemo, ziliangazwa na balbu za ukoo huo.

Lakini kwa elimu ya nyuso, faida kubwa zaidi ilikuwa katika jambo lililoonekana kuwa dogo. Haidrojeni iliyoachwa kidogo sana ndani ya balbu yenye uzi wa moto ilitoweka. Haikuvuja, wala haikuungua. Langmuir alionyesha kwamba molekuli zake zilivunjwa na uzi zikawa atomu, nazo atomu hizo zikanaswa kwenye kioo baridi. Zaidi ya hapo, kioo kilikuwa na kikomo: kikishachukua kiasi fulani hakikuchukua tena, kana kwamba nafasi zimejaa.

Hapa dhana yahitaji kutenganishwa na nyingine iliyo jirani yake. Sponji hufyonza maji, na maji huingia ndani ya mwili wake. Kioo cha Langmuir hakikufyonza. Kilinasa kwa uso wake tu. Kiswahili cha kila siku hakikupata sababu ya kutenga mambo hayo mawili, na walimu wa kemia mara nyingi wamelazimika kueleza kwa sentensi kile ambacho istilahi moja ingekieleza. Unasaji wa usoni ndio unaozungumziwa katika sehemu yote inayofuata.

Wakati huo wataalamu wengi waliamini kuwa gesi hulizunguka gimba mfano wa anga linavyoizunguka dunia: nzito karibu na uso, na nyepesi kadiri inavyokwenda mbali, unene wake ukiwa molekuli nyingi. Mhungaria kijana, Michael Polanyi, aliipa fikra hiyo umbo la nadharia kamili kuanzia mwaka 1914. Langmuir aliikataa. Katika makala zake za mwaka 1916 hadi 1918 alidai kuwa nguvu inayoinasa molekuli ni ya jamii moja na ile inayofunga atomu ndani ya molekuli, na nguvu hiyo haifiki mbali. Uso, kwa maoni yake, ni kama ubao wa mraba wenye visanduku. Msomaji wa Afrika Mashariki aweza kulifikiria bao, ila bao la ajabu ambalo kila shimo hupokea kete moja tu na likijaa halipokei ya pili. Kete hutua na kuondoka bila kupumzika. Kadiri gesi inavyosongamana ndivyo zinavyotua nyingi. Kadiri mashimo yanavyojaa ndivyo zinavyokosa pa kutua. Mahali pa mizani kati ya kutua na kuondoka panaeleza ni sehemu gani ya bao imejaa, na hesabu yake huandikwa kwa mstari mmoja. Mstari huo ungali unafundishwa katika kila chuo kinachofundisha kemia.

Ili kuithibitisha hesabu hiyo ilibidi ajue bao lina ukubwa gani, na hapo ndipo mkaa ulipomfaa kidogo. Mkaa hunasa gesi nyingi, jambo lililokuwa limejulikana kwa zaidi ya karne moja, lakini hakuna aliyeweza kusema kipande cha mkaa kina uso wa mita ngapi, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema kama gesi iliyonaswa ni tabaka moja au kumi. Langmuir alichukua karatasi za ulanga, vioo na platinamu, nyuso ambazo rula hutosha kuzipima, akazipoza na kupima kiasi kidogo mno cha gesi kilichonaswa juu yake. Hakikuzidi tabaka moja. Makala yake ya mwaka 1918 ilitaja katika kichwa chake kwamba yahusu nyuso bapa, na tamko hilo lapasa kusomwa kama mpaka aliojiwekea mwenyewe.

Uamuzi huo ulikuwa na gharama, na aliyeilipa kwanza hakuwa Langmuir. Fikra ya tabaka moja ilipopata nguvu, nadharia ya Polanyi ilionekana kama masalio ya zamani. Alipoitetea mjini Berlin mbele ya Fritz Haber na Albert Einstein haikukubaliwa, naye baadaye akaiacha na kushughulikia mambo mengine. Miaka ya 1930 fizikia mpya ilionyesha kuwa zipo nguvu za mvutano baina ya molekuli zinazolingana na alizozidhania, na katika Urusi ya Kisovieti M. M. Dubinin akaijenga upya nadharia yake hasa kwa ajili ya mkaa ulioamilishwa, ambamo vitundu ni vyembamba kiasi kwamba kuta mbili huivuta molekuli moja kwa pamoja na gesi hujaza tundu zima badala ya kutandaza tabaka. Mwaka 1963 Polanyi aliyaeleza yaliyompata katika jarida la Science, bila uchungu mwingi. Kwa ulanga, Langmuir alikuwa amesema kweli. Kwa mkaa, Polanyi alikuwa karibu zaidi na kweli. Jumuiya ya wanasayansi ilichukua kweli ya uso mmoja ikaifanya hukumu juu ya nyuso zote, na lawama ya hilo haimwangukii Langmuir peke yake, kwa kuwa yeye alikuwa ameandika wazi ni uso gani alioupima.

Uwazi huo waonekana vizuri zaidi katika makala yake juu ya platinamu iliyochapishwa na Faraday Society mwaka 1922. Ilishughulikia jinsi platinamu inavyochochea monoksidi ya kaboni kuungana na oksijeni. Mtu angetarajia kwamba monoksidi ikiongezwa, kazi itakwenda mbio zaidi. Langmuir alipata kinyume: iliyokuwa inaongezwa ilikuwa inaikwamisha kazi. Sababu ni kwamba monoksidi hukamata mashimo karibu yote ya bao, na oksijeni, ambayo huhitaji mashimo matupu ili itue na kuvunjika, hukosa nafasi. Joto likipanda, monoksidi huanza kuondoka, mashimo hufunguka, na kazi huanza ghafla. Jambo hilohilo hutokea kila gari la kisasa lenye kichocheo cha platinamu katika bomba la moshi linapowashwa alfajiri kabla ya kuanza safari ya kuikata Hifadhi ya Mikumi: dakika za mwanzo moshi hutoka na sumu yake, mpaka chombo kipate moto. Gerhard Ertl, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2007, alilichunguza jambo hilo kwa miaka mingi juu ya fuwele safi za platinamu. Alikuta mengi ambayo Langmuir hakuyajua, yakiwemo mawimbi yanayotembea usoni, lakini kiini cha maelezo ya mwaka 1922 kilisimama.

Katika makala hiyohiyo Langmuir alikiri kwamba vichocheo vingi vilivyosagwa laini hapana shaka vina umbo tata mno, na kwamba kwa ajili ya kurahisisha ataanza na uso bapa, akitumaini kuwa kanuni zake zikieleweka zitaweza kupanuliwa baadaye zifike kwenye miili yenye matundu. Si wanasayansi wengi wanaoandika deni lao waziwazi namna hiyo. Miaka mitatu baadaye Hugh Taylor wa Princeton alilikumbushia deni kwa upande mwingine: alisema kwamba hata katika uso mmoja si mashimo yote yafanyayo kazi, bali kazi kubwa hufanywa na atomu chache zilizo kwenye kingo na vilele. Mwaka 1938 Stephen Brunauer, Paul Emmett na Edward Teller walilipa sehemu ya deni hilo walipoiruhusu kete kupandana juu ya kete, wakapata njia ya kupima uso wa kichocheo chenye matundu kwa kuhesabu naitrojeni inayonaswa katika baridi kali. Njia hiyo ilieleza uso ni mwingi kiasi gani. Haikueleza uso huo una umbo gani.

Langmuir mwenyewe hakurudi kwenye mkaa. Alikwenda kutafuta nyuso zilizo bapa zaidi, akazipata juu ya maji. Mwaka 1917 alichapisha kazi yake juu ya utando wa mafuta unaotandaa juu ya maji kwa unene wa molekuli moja, akitumia karai lenye kizuizi kinachosukumwa. Zana hiyo ilikuwa na mtangulizi: Agnes Pockels, mwanamke wa Kijerumani asiyekuwa na chuo wala maabara, alikuwa ameifanyia kazi jikoni kwake na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1891. Mwanamke mwingine aliiendeleza. Katharine Blodgett alijiunga na Langmuir Schenectady mwaka 1918, akawa wa kwanza miongoni mwa wanawake kupata shahada ya uzamivu ya fizikia huko Cambridge mwaka 1926, na katika miaka ya 1930 akabuni namna ya kuhamisha tando hizo kwenye kioo moja juu ya nyingine kwa idadi anayoitaka. Mwaka 1938 alipata kwa njia hiyo kioo kisichorudisha mwanga. Tando hizo leo hubeba majina yao wote wawili, jina la Langmuir likitangulia.

Mengine aliyoyafanya katika miaka hiyo yatosha kutajwa tu. Alieneza nadharia ya elektroni zinazoshirikiwa kati ya atomu kwa ufasaha uliomuudhi Gilbert Lewis, aliyekuwa ameianzisha. Mwaka 1928 alilipa jina la plazma lile hali la gesi yenye chembe za umeme. Alipanda milima, aliteleza juu ya theluji, na alijifunza kuendesha ndege akikaribia miaka 50. Tuzo ya Nobel ya kemia aliipata mwaka 1932 kwa kazi yake juu ya nyuso, akiwa mfanyakazi wa kampuni na si wa chuo kikuu, jambo lililokuwa geni. Riwaya pia imembeba: Kurt Vonnegut, aliyefanya kazi katika kampuni hiyohiyo, alimtumia kama kiolezo cha mwanasayansi asiyejali matokeo ya uvumbuzi wake katika Cat's Cradle ya mwaka 1963. Picha hiyo ina ukweli kidogo na uonevu mwingi.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya mvua. Mwaka 1946 msaidizi wake Vincent Schaefer aligundua kwamba barafu kavu ikidondoshwa katika wingu lililopoa kupita kiasi hulifanya litoe fuwele za theluji, na muda mfupi baadaye Bernard Vonnegut, kaka wa mwandishi, akapata kuwa iodidi ya fedha hufanya kazi hiyohiyo. Hili nalo, kwa asili, ni suala la uso: chembe ya iodidi huupa mvuke mahali pa kujipanga kama barafu. Langmuir alilishika kwa ari ya kijana. Oktoba 1947 kimbunga kilichokuwa kikielekea baharini kilimwagiwa barafu kavu, kikageuka na kupiga pwani ya Georgia. Yeye akaamini kwamba wao ndio waliokigeuza, ingawa wataalamu wa hali ya hewa walionyesha kuwa kilikuwa kimeanza kugeuka kabla. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1949 iodidi ya fedha ilirushwa New Mexico kwa ratiba ya kila juma, naye akadai kuona mvua ya mbali mashariki ikifuata juma hilohilo. Wenye taaluma walijibu kwamba mizunguko ya namna hiyo hutokea bila mkono wa mtu.

Shauku hiyo ilivuka bahari. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki ilifanya majaribio ya kuchochea mvua, na mojawapo ya mahali palipochaguliwa ni Kongwa, upande wa pili wa milima inayoitenga nyanda hiyo na Kilosa, ambako mpango wa karanga wa Waingereza ulikuwa umekwisha kushindwa huku ukame ukiwa miongoni mwa sababu zake. Yaliyopatikana hayakutosha kuwapa wakulima mvua ya kutegemewa.

Tofauti kati ya Langmuir wa balbu na Langmuir wa mawingu si tofauti ya akili. Katika balbu alikuwa na uso mmoja aliouchagua, gesi aliyoipima, na uwezo wa kulirudia jambo mpaka lichoshe. Wingu halina uso wa kupimwa kwa rula, wala halirudiwi. Alilitendea kama bao lililojaa mashimo sawa, na safari hii hakuandika mpaka wake. Kinaya ni kwamba tarehe 18 Desemba 1953, madai yake ya mvua yakiwa bado yanabishaniwa, alitoa mhadhara mashuhuri kuhusu sayansi iliyougua, akichambua jinsi watafiti waaminifu wanavyojidanganya kwa kuona athari iliyo kwenye ukingo wa kutoonekana. Dalili alizozitaja zinamhusu. Alifariki Woods Hole, Massachusetts, tarehe 16 Agosti 1957, kwa maradhi ya moyo.

Deni la mwaka 1922 lilianza kulipwa kutoka mahali asipopatarajia. Mwaka 1961, miaka minane baada ya kifo cha Mwingereza Lewis Fry Richardson, kilichapishwa kipimo chake cha pwani na mipaka ya nchi, kikionyesha kuwa urefu huongezeka kadiri kipimio kinavyofupishwa. Atembeaye kandokando ya mto Mkondoa, unaopita Kilosa, hupata urefu mmoja. Siafu afuataye kila kijipindo cha ukingo huohuo hupata mwingine ulio mkubwa zaidi, na hakuna anayekosea. Benoit Mandelbrot aliligeuza jambo hilo kuwa jiometri, na mwaka 1975 akalipa umbo la namna hiyo jina la fraktali. Mstari wa fraktali una kipimo cha ukubwa kilicho kati ya 1 na 2. Uso wa fraktali una kipimo kilicho kati ya 2, yaani ulanga, na 3, yaani kitu kilichokunjamana hata kikakaribia kujaza nafasi yote.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 David Avnir na Peter Pfeifer walitambua kwamba wanakemia walikuwa na vipimio hivyo mikononi tangu zamani: ni molekuli zenyewe. Chukua molekuli za ukubwa mbalimbali, na kwa kila moja tumia hesabu ya Langmuir kupata ni ngapi zinazotosha kufunika uso tabaka moja. Juu ya uso bapa, molekuli inayochukua nusu ya nafasi huhitajika mara 2. Juu ya uso wenye kipimo cha 2.5 huhitajika kama mara 2.38, kwa kuwa ile ndogo huingia katika vitundu vilivyomkataa mkubwa wake; na kipimo kikikaribia 3, huhitajika karibu mara 2.83. Walipozipanga upya data zilizokwisha kuchapishwa, baadhi ya kaboni za grafiti zilikaa karibu na 2, na silika zenye matundu zikakaribia 3. Kwa kichocheo, tofauti hiyo si ya nadharia tu. Uso wa 2.9 una nafasi tele kwa molekuli ndogo lakini huifungia mlango molekuli kubwa, na mita za mraba zinazotangazwa na mwuzaji, ambazo hupimwa kwa naitrojeni, haziwezi kumwambia mnunuzi ni ngapi kati yake zitakazofikiwa na molekuli anayotaka kuibadilisha.

Ni jambo la kuheshimika kwamba aliyeipima nadharia hiyo kwa ukali zaidi ni Avnir mwenyewe. Mwaka 1998, akiwa na wenzake watatu, aliandika katika Science baada ya kupitia ripoti nyingi za fraktali katika majarida ya fizikia, akaonyesha kuwa nyingi zilishikilia kanuni hiyo katika masafa finyu tu, ya wastani wa kama mara ishirini kutoka kipimio kidogo hadi kikubwa. Mkaa nao una masafa yake: juu yake kuna mishipa ya mti, ambayo ukubwa wake uliamuliwa na mti na si na moto, na chini yake kuna atomu, ambapo neno uso hukoma kuwa na maana. Kati ya mipaka hiyo miwili kipimo cha fraktali hufaa, nje yake hakifai. Na kila namba inayoingia katika kipimo hicho, iwe ya mkaa wa miombo ya Kilosa au ya silika ya kiwandani, huanza kwa kuuliza ni molekuli ngapi zinazotosha kufunika tabaka moja, swali ambalo Langmuir alilijibu kwanza juu ya karatasi ya ulanga.